Ushauri wa Kilo Tatu

Waliokuwapo hawakuulizwa, wasiokuwapo wakaandika ripoti, na mimi nisiyehusika ndiye niliyeachiwa kusimulia. Basi sogeeni karibu.

Palikuwa na nchi moja. Jina lake sitalitaja, kwa sababu wenyewe ni watu wa amani sana, na ukiitaja vibaya wanakuja kukuchukua kwa amani katika gari lenye vioo vyeusi. Nchi hiyo ilikuwa na halmashauri mia moja na ushee, na kila halmashauri ilikuwa hodari wa kuchimba choo mahali pa kisima na kisima mahali pa choo. Mwishowe wakubwa wakaona haya. Bunge likakaa siku tisa, wakala vizuri, wakapitisha Sheria ya Ushauri wa Kitaalamu: kuanzia siku ile halmashauri yoyote isifanye jambo lolote, kubwa wala dogo, bila ushauri wa chuo kikuu. Kila halmashauri ikaozwa chuo chake, picha zikapigwa, keki ikakatwa.

Wananchi walishangilia. Walidhani kwamba sasa watu waliosoma watakuja kuwaambia wakubwa ukweli. Masikini ya Mungu! Walisahau kuwa kila ndoa ina anayelisha na anayelishwa, na anayelishwa hasemi mchuzi umezidi chumvi.

Halmashauri ya Mji wa Kitungwa iliozwa Chuo Kikuu cha Nyanda, na mwaka wa kwanza haukuisha bila matunda. Paa la ofisi lilipovuja, maprofesa watatu walishauri kwamba maji yanatoka juu. Mbuzi alipoingia masjala akaanza kula mafaili, hakuna aliyethubutu kumfukuza, maana ushauri wa mbuzi ulikuwa haujafika. Alikaa mle wiki saba, akanenepa, akazaa pacha. Na ili pasiwe na ubabaishaji, sheria ilisema ushauri usipungue kilo tatu. Chini ya kilo tatu yanaitwa maoni, na maoni hata mlevi anayo. Kwa hiyo mlangoni pa ukumbi wa baraza iliwekwa mizani iliyoazimwa buchani, bado ina mafuta mafuta, na kila ripoti ilipimwa pale kabla ya kuingia.

Sasa, katika baraza hilo alikuwapo diwani mmoja, Bi. Zawena Ngumbi, wa kata ya Bondeni. Mama wa miaka hamsini na mbili, mkaanga vitumbua, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde bila simu. Watu wa Bondeni walimchagua kwa sababu ya sauti hiyohiyo. Barabara ya maana hawakuwa nayo, taa hawakuwa nazo, zahanati walikuwa wakiisikia redioni. Walichokuwa nacho ni chemchemi. Maji yake baridi, matamu, hayajawahi kukauka tangu enzi za babu wa babu zao, na kaya mia tatu zilikunywa hapo. Bi. Zawena mwenyewe alikuwa akimlea mjukuu wake, Mashavu, mtoto wa miaka minne aliyeachwa na marehemu bintiye, na mtoto yule alikuwa akiyanywa maji yale kama ndama.

Taabu ilianza pale dampo la sokoni lilipojaa. Takataka zilipanda hadi zikafika madirisha ya ukumbi wa baraza, na nzi wakawa wanahudhuria vikao kuliko madiwani. Ndipo Mkurugenzi wa mji, Bwana Sospeter Kilongola, aliposimama. Bwana huyu alikuwa na tumbo la heshima na kawaida ya kujikohoza mara tatu kabla ya kusema neno lisilo na maana.

"Waheshimiwa," alisema, "kwa kuzingatia mustakabali, na kwa kuutazama mustakabali huo kwa jicho la kimkakati, dampo jipya litajengwa Bondeni. Pale juu ya chemchemi."

Bi. Zawena aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Ala! Mheshimiwa Mkurugenzi, uchafu juu, maji chini? Mvua ikinyesha huo uchafu utakwenda wapi kama si vinywani mwetu? Uwanda wa Ngorika uko wazi, hauna mtu wala mto, hata fisi akipita pale anapita mbio. Kwa nini msiupeleke huko?"

Mkurugenzi akacheka, na madiwani wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Mama, maji ni maji tu. Yakiingia kitu mnachemsha."

Sababu yenyewe kila mtu aliijua, ila haisemwi barazani. Lori la taka la halmashauri lilikuwa halina mafuta tangu mwaka juzi, na breki zake zilikuwa zinasubiri ushauri. Kwenda Ngorika ni tambarare, lori haliwezi. Kwenda Bondeni ni mteremko mtupu: unaondoa gogo kwenye gurudumu, lori linajiendea lenyewe kwa neema ya Mwenyezi Mungu. Kurudi lingevutwa na ng'ombe wanne.

"Lakini chuo kikuu hakijashauri," Bi. Zawena alisema. "Mmeamua vipi kabla ya ushauri?"

Mkurugenzi akamtazama kwa huruma. "Mama, tusipoamua sisi kwanza, wataalamu watajuaje cha kutushauri?"

Na hapo ndipo ilipokuwa siri ya ndoa ile, nanyi nawaambia mjue. Katika nchi ile ripoti iliandikwa kuanzia mwisho. Halmashauri ilikuwa inaandika hitimisho, inaligonga muhuri, inalitia katika bahasha na kulituma chuoni. Maprofesa wakilipokea, wanalijengea utangulizi, nadharia, takwimu na michoro, kama mtu anayepewa kofia akaambiwa aitafutie mtu wake. Hakuna profesa hata mmoja aliyewahi kulalamika. Walisema njia hii inapunguza makosa.

Hitimisho la dampo likaandikwa siku ileile kwenye fomu: *Dampo lijengwe*, halafu nafasi, halafu saini na muhuri wa wino wa zambarau. Ile nafasi Mkurugenzi aliijaza kwa penseli. Daima aliandika kwa penseli, akisema mtumishi wa umma lazima awe tayari kubadilika. Bahasha ilibanwa kwa pini tu, kwa vile gundi nayo ilikuwa inasubiri ushauri. Magari yote yalikuwa yamekauka mafuta, na Bi. Zawena alikuwa na safari ya kwenda kumjulia hali dada yake katika mji uleule wenye chuo, basi Mkurugenzi akampa yeye aipeleke. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa mtumishi kwa miaka ishirini na sita na hajawahi kumwona diwani akisoma kitu.

Lo, na huyu alisoma! Aliposhuka stendi aliketi kwa mama ntilie, akaagiza chai, akachomoa pini. *Dampo lijengwe Bondeni.* Akavua kandambili moja, ile ya kushoto yenye kisigino laini, akafuta neno Bondeni taratibu kama wanafunzi wanavyofuta hesabu waliyokosea. Kisha akaazima penseli kwa mama ntilie.

Hapa ndugu zangu, ninamlaumu. Mkono wake ulianza kuandika Ngorika. Angeandika Ngorika, kelele zingekuwa kidogo, pengine mambo yangepita. Lakini likamrudia lile neno, "mnachemsha," na kile kicheko cha madiwani. Hasira ikampanda, na hasira hasara, hilo hata Mashavu alilijua. Akaandika: *Mlimani, kando ya nyumba ya Mkurugenzi.* Akabana pini, akanywa chai yake yote, akajisikia vizuri kuliko alivyopata kujisikia tangu achaguliwe.

Profesa Anakleti Tunguja alimpokea katika Kitivo cha Ushauri. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, na nyingine ya kuonekana anasoma. Chumba kilikuwa kimejaa ripoti hadi darini, na mlango ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa mashine moja ya chuma.

"Hiyo ni nini, Profesa?" Bi. Zawena aliuliza.

"Hiyo? Mashine ya kupimia maji. Nzito sana, inafaa mno." Akachomoa pini, akasoma hitimisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mlimani. Naam. Ni vigumu kupata mahali pengine panapofaa zaidi."

"Mtakuja lini kupaona?"

Profesa akashtuka, akavua miwani ya kwanza, akavaa ya pili. "Kupaona? Mama yangu, kuona kunaharibu utaalamu. Mtu akishaona kitu, anakuwa na upande. Sisi hapa tunalinda uhuru wa mawazo."

"Ila zamani nilisikia utafiti unaanza na swali."

"Zamani, ndiyo. Ilikuwa inachosha sana. Unauliza swali, hujui jibu lake, unakaa na wasiwasi miaka mitatu, vidonda vya tumbo, na mwisho jibu halimpendezi mtu. Sasa tunaletewa jibu. Kazi yetu ni kuliheshimisha." Akavuta kutoka rafu ripoti iliyokwisha chapishwa, yenye kurasa mia nane, ambayo mahali pote pa majina palikuwa wazi. "Unaona? Sayansi yenyewe iko tayari. Kilichokuwa kinakosekana ni mahali."

Bi. Zawena alitoka pale kichwa kinamzunguka. Alikuwa ameshinda, lakini ushindi wenyewe ulimtia kinyaa. Njiani alijiuliza hivi huyu mtu, angeandikiwa kwamba dampo lijengwe tumboni mwa mama yake, angeweka michoro mingapi?

Siku ya kupokea ripoti ilikuwa sikukuu. Ripoti ililetwa imefunikwa kitambaa cha kijani, ikawekwa juu ya mizani, mshale ukasimama kilo tatu na robo, vigelegele vikapigwa. Mkurugenzi akajikohoza mara tatu, akasema kwamba leo Kitungwa imeoga katika bahari ya maarifa. Halafu baraza likaipitisha. Kawaida ya kule ni kupitisha kwanza na kusoma baadaye, maana kusoma kabla ya kupitisha ni kumvunjia mtaalamu heshima. Mikono yote ikanyooshwa juu, wa Bi. Zawena ukiwa wa kwanza.

Ndipo katibu alipofungua ukurasa wa mwisho na kusoma kwa sauti. "Dampo lijengwe Mlimani, kando ya nyumba ya Mkurugenzi." Akaendelea na sababu. Upepo wa Mlimani una adabu. Udongo wake una kiu ya taka. Na wakazi wa Mlimani, kwa mujibu wa jedwali la arobaini na moja, wana pua zenye ustahimilivu wa hali ya juu.

Kisha watu wa Bondeni waliokuwa wamesimama nje madirishani, juu ya takataka, wakalipuka kwa shangwe. Bibi Sikitu, ajuza wa miaka sabini na tisa, jirani ya Bi. Zawena, alicheza akaiacha fimbo yake chini. "Wataalamu oyee!" walipiga kelele. "Chuo kikuu oyee!" Mheshimiwa Kasmiri, diwani wa Mlimani, ambaye tangu achaguliwe hakuwahi kufumbua mdomo isipokuwa kupiga miayo, aliuliza kama kuna uwezekano wa kupigia kura jambo jingine.

Haukuwapo. Sheria ilikuwa wazi: ushauri uliokwisha pimwa na kupitishwa haubatilishwi, na anayeubatilisha anafungwa. Mkurugenzi alikaa ofisini siku mbili hali chakula. Siku ya tatu akatuma ng'ombe wanne wakavute gari lake hadi chuoni.

"Profesa, umeniua!" alilia. "Ripoti yako imekosea!"

Profesa Tunguja alisimama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alionekana ameumia. "Ripoti haiwezi kukosea, Bwana Mkurugenzi. Ina marejeo mia sita. Kama kuna kosa, liko kwenye ardhi."

"Kwenye ardhi?"

"Ripoti imesema Mlimani. Wewe unataka Bondeni. Basi waulize watu waliolipatia bonde jina la Bondeni, walikuwa na shahada? Walipima? Ni majina ya kienyeji tu, yametolewa na wachunga mbuzi. Niletee hitimisho, nitakushauri."

Baada ya siku nne kililetwa kitabu kingine cha kilo tatu na nusu, na baraza likapitisha kwa kura zote kasoro moja: kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, Bondeni itaitwa Mlimani, na Mlimani itaitwa Bondeni. Vibao vikang'olewa, vikabadilishwa. Dampo likabaki palepale sheria iliposema, Mlimani, ila Mlimani sasa ilikuwa shimoni, juu ya chemchemi. Na kwa kuwa nyumba ya Mkurugenzi ilitajwa katika ripoti, alijengewa kibanda cha bati pale pembeni, kikaandikwa mlangoni *Nyumba ya Mkurugenzi*. Mimi nitaendelea kuita bonde bonde na kilima kilima. Anayetaka anishtaki.

Bi. Zawena alisimama barazani akatikisa ukumbi. "Watu wa kule bondeni watakunywa nini? Nawauliza, watakunywa nini?"

Mkurugenzi akajikohoza. "Mheshimiwa, tafadhali zungumzia kata yako. Wewe ni diwani wa Bondeni, na Bondeni haina tatizo lolote. Ina lami, ina taa, na jana usiku nimelala huko vizuri kabisa."

Mama wa watu akaketi. Kumbe walikuwa wamempokonya watu wake bila kumgusa. Alikuwa amechaguliwa na Bondeni, na Bondeni ilikuwa imehamia kilimani kwa akina Mkurugenzi. Watu wake mwenyewe, palepale walipo, wamekuwa wa kata ya Mheshimiwa Kasmiri. Na huyo Kasmiri, aliyekuwa hajui hata njia ya kwenda huko, alisimama akafumbua mdomo kwa mara ya pili maishani.

"Wananchi wangu," alisema, "wamelipokea dampo kwa mikono miwili."

Lori likaanza kushuka. Linaondolewa gogo, linateremka lenyewe kwa kishindo, linasimama kwa kugonga rundo la taka, dereva Chande anafumbua macho, anamshukuru Mungu, anamwaga. Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Maji ya chemchemi yakawa rangi ya chai, halafu rangi ya kahawa, yakaanza kunuka vitumbo vya samaki. Watu walipolalamika, Mkurugenzi alituma bahasha chuoni, na Profesa akathibitisha, bila ya kuiondoa mashine yake mlangoni, kwamba maji yale ni salama kwa asilimia tisini na nane. Hizo mbili zilizobaki, alisema, ni rangi tu, na rangi ni mtazamo.

Mashavu akaanza kuharisha siku ya Alhamisi. Kufika Jumamosi mashavu yaliyompa jina yalikuwa yamebonyea, na macho yamezama. Bi. Zawena alimbeba mgongoni saa tatu za mguu hadi zahanati ya mji wa pili. Muuguzi akamtundikia maji, akasema, "Mama, huyu atapona, lakini maji mnayokunywa mkiendelea nayo, mtawazika wengi."

Aliporudi bondeni aliwaita wanawake wote penye chemchemi. Hakuwaficha kitu. Akawaeleza habari ya bahasha, na kandambili, na penseli ya kuazima.

"Mkono wangu ulitaka kuandika Ngorika," alisema. "Nikaandika nyumbani kwake, ili nimkomoe. Nikajiona nimewaweza. Mjukuu wangu yuko kitandani kwa ajili ya hasira zangu. Nisameheni."

Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Mmoja alisema waziwazi kwamba angejua asingempa kura. Bibi Sikitu akamwacha amalize, kisha akauliza, "Zawena, hiyo barabara ya lori, udongo wake mgumu au laini?"

"Laini, bibi."

"Basi sisi tunalilia nini? Majembe hatuna?"

Sasa sikilizeni jambo ambalo halijawahi kutokea katika nchi ile tangu ile keki ikatwe. Wanawake arobaini na watatu walichukua majembe, sururu na sepetu, wakaenda katikati ya mteremko, wakachimba handaki kukata barabara nzima. Hawakuwa na utangulizi wala nadharia. Walianza baada ya chai ya asubuhi, na jua lilipofika utosini handaki lilikuwa limefika kimo cha mtu, upana wa hatua tano. Wakaketi kivulini wakala mihogo.

Chande alikuwa wa kwanza kuliona kutoka juu. Akakimbia hadi ofisini akihema. "Mzee, kuna handaki barabarani! Lori halipiti!"

Profesa Tunguja alikuwapo siku hiyo, amekuja kuvishwa Nishani ya Mshauri Bora. Mkurugenzi akamgeukia. Profesa hakuhitaji hata bahasha. Akavaa miwani ya pili, akapiga hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko.

"Handaki la ukubwa huo," alisema, "linahitaji miezi kumi na minane, wahandisi saba, na mtambo kutoka nje. Wanawake wenye majembe, asubuhi moja? Haiwezekani. Kwa hiyo handaki halipo."

"Profesa, nimeliona kwa macho yangu!"

"Macho yako yana shahada gani?"

Mkurugenzi akajikohoza mara tatu, akatangaza kwamba serikali haitayumbishwa na shimo lisilokuwapo, na ili wananchi waone jinsi uongozi unavyoiamini sayansi, yeye na Profesa watapanda lori wenyewe. Wakapanda mbele, Profesa na nishani yake kifuani. Nyuma kulikuwa na shehena ya siku nne, ikiwamo ya machinjioni. Chande alishika usukani, akamwomba mzee atafakari tena. Akaambiwa aache ushamba. Basi akamwashiria utingo aondoe gogo, akasema bismillahi, na lori lilipoanza kushika kasi, akafungua mlango akaruka kwenye majani.

La kuvunda halina ubani. Lori liliteremka likivuma, wanawake wakalikwepa, na mbele ya macho ya wote arobaini na watatu wasio na shahada likatumbukia katika handaki, kichwa chini, na shehena yote ya nyuma ikahamia mbele. Vumbi lilipotulia walionekana vichwa viwili vikichungulia kutoka katika utumbo wa ng'ombe na maganda ya mananasi.

"Profesa!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Tumeanguka!"

"Kitaalamu," Profesa alijibu, akitema unyoya wa kuku, "hatujaanguka."

Taka ziliwabana hadi kifuani, wasiweze kutoka. Kamba ndefu hazikuwapo, ikabidi wanawake wawili waende kuziazima kijiji cha pili. Jua la saa nane likawaka. Nzi wakaja. Kufika saa tisa midomo ya wale mabwana ilikuwa imepasuka, na ile sauti ya baraza imekwisha kabisa.

"Mama Zawena," Mkurugenzi alinong'ona, "maji. Kwa jina la Mungu, tupatieni maji."

Bi. Zawena alikuwa amekaa ukingoni, mikono ina malengelenge. Alimfikiria Mashavu na lile jicho lililozama, na chuki ikamjaa, sitawaficha, chuki ya kutosha kuwaacha pale mpaka kesho. Kisha akainuka, akashika ndoo, akashuka chemchemini. Akarudi nayo imejaa, rangi ya kahawa, povu juu, akaiteremsha polepole kwa mshipi wa nguo hadi ikawafikia mikononi.

"Haya ndiyo tuliyo nayo," alisema. "Hapa kuni hakuna. Kuchemsha hakutawezekana."

Profesa akaitazama ndoo. Akamtazama Mkurugenzi, kwa mazoea, akingoja aambiwe jibu ni nini. Mkurugenzi alikuwa akiitazama ndoo. Wanawake wote arobaini na mmoja waliobaki walisimama ukingoni wakitazama, na hakuna aliyecheka.

Kamba zilipofika saa kumi na moja, ndoo ilikuwa tupu.

Siku tatu baadaye dampo lilihamishiwa Uwanda wa Ngorika, na lile la bondeni likaamriwa lifukuliwe lote. Ushauri ule ulikuwa wa ukurasa mmoja, mizani haikuweza hata kuusikia, lakini baraza liliupitisha bila kuupima wala kuitaja ile sheria ya kifungo. Profesa Tunguja aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa maneno kumi na manane, na kabla hajafika kwenye saini alikuwa ameomba ruhusa mara tatu kwenda chooni.